Chake Nani?

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, siku mbili kabla ya harusi yangu, nilipokaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya baba pale Mpui, daftari juu ya goti, nikaandika sentensi moja iliyokuja kuvunja nyumba yangu. Ilikuwa sentensi fupi, Kiswahili safi, haina kosa la tahajia. Nimewahi kuona ukuta ukianguka kwa mvua, na nimewahi kuona ghala likianguka kwa mchwa. Nyumba yangu iliangushwa na neno lenye herufi tano.

Kabla sijaendelea nikuonye. Kuna watu hapa Ufipa, wengine ndugu zangu wa damu, wanaosema Mzee Leonsi amezeeka vibaya. Wanasema nazunguka kwenye posa za watu nikiwataka vijana waandikiane mkataba wa mali kabla ya kufunga ndoa, na kwamba naleta uchuro. Wanasema kweli, nazunguka. Na nitaendelea kuzunguka mpaka magoti yakatae. Atakayenifungia mlango nitasemea dirishani. Mtu aliyeungua hana haja ya kuomba ruhusa kusema kwamba moto unaunguza.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikawa karani wa ghala la mahindi, na katika ukoo wetu hapakuwa na mwingine aliyefika sekondari. Barua ikija, inaletwa kwangu. Barua ikiondoka, inaondokea kwangu. Mtu akisifiwa kalamu yake kila siku huanza kuamini kwamba kalamu ni akili.

Mchumba wangu alikuwa Skolastika, fundi cherehani. Shangazi yake, mama mmoja asiyejaliwa mtoto, alikuwa amemwachia kiwanja Mazwi, Sumbawanga mjini, chenye nyumba ya vyumba viwili, na ndani ya kimoja Skolastika aliweka cherehani yake. Shangazi alimpa kwa mdomo, mbele ya mjomba wake Skolastika, Mzee Apolinari, na majirani wawili. Hakuna aliyeandika. Zamani zile neno la mtu anayekaribia kufa lilitosha, au tulidhani linatosha.

Mahari ilikwisha kutolewa, ng'ombe wamekwisha kuhesabiwa na kupelekwa, tumekwisha kutangazwa kanisani Jumapili mbili, imebaki ya tatu. Ndipo Skolastika akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya vifungo, "Leonsi, kabla hatujafunga ndoa naomba tuandike kuhusu kile kiwanja. Shangazi alisema nisikiache kiende."

"Kiende wapi?" nikamuuliza.

"Sijui. Ndiyo maana nataka tuandike."

Mwanangu, hapo pangetosha. Msichana alikuwa ameomba jambo la haki, kwa adabu, mapema kuliko wengi wanavyothubutu. Lakini mimi nilirudi nyumbani nimevimba kama chura wa mtoni. Kaka yangu Gaudensi alikuwa anawafungua maksai kwenye plau, nikamweleza, akacheka mpaka akaachia kamba.

"Huyo mwanamke haolewi, anakukodi," akasema. "Maksai wa kukodi ndio huandikiwa karatasi. Ekari ngapi, siku ngapi, akivunjika mguu ni juu ya nani. Na ukubali tu, utafungwa nira na kengele shingoni."

Maneno hayo yalinichoma kuliko yalivyostahili. Ningeweza kukataa wazi, na Skolastika angejua anaolewa na nani. Ningeweza kukubali kwa moyo mweupe. Nilichagua njia ya tatu, ambayo ndiyo njia ya waoga wenye elimu. Nilisema nitaandika mimi.

Mwalimu wetu wa Kiswahili kule sekondari alipenda kutuambia kwamba lugha yetu ina heshima, haibagui mwanamume na mwanamke. Yeye ni yeye, chake ni chake. Kiingereza, alisema, lazima kimchungulie mtu kwanza ndipo kimtaje. Darasa zima tulicheka. Siku ile nje ya nyumba ya baba, ile sifa ya lugha yetu ndiyo niliyoigeuza mtego. Niliandika hivi:

"Sisi, Leonsi na Skolastika, tumekubaliana kwamba kiwanja cha Mazwi na nyumba iliyomo ni chake, na kitabaki kuwa chake hata tukitengana."

Nilisoma mara mbili. Nikaliona lile chake, nikajua kabisa nilichokifanya, nikatabasamu. Sikuwa na mpango wa kumnyang'anya, naapa. Nilitaka tu mlango mdogo wa nyuma ubaki wazi, niujue mimi peke yangu. Lakini mwenye kuacha mlango wa nyuma wazi hajui atakayeutumia, na mara nyingi ni yeye mwenyewe, siku atakapokuwa mtu mbaya kuliko alivyo leo.

Jioni nilipeleka karatasi kwao, nimefuatana na Gaudensi na rafiki yangu mmoja wa ghalani, ndio mashahidi. Gauni la harusi lilikuwa limetundikwa ukutani, amelishona mwenyewe. Pombe ya ulezi ya harusi ilikuwa imekwisha kuiva, harufu yake imejaa uani. Nani angesimamisha harusi saa hizo kwa ajili ya sentensi? Nilijua hilo pia.

Skolastika akasoma kwa sauti ili mjomba wake asikie, kwa kuwa Mzee Apolinari alisoma madarasa mawili tu. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza injini ya mashine ya kusaga isiyolia sawasawa. Akauliza:

"Hicho chake, ni chake nani?"

Gaudensi akaguna kwa kicheko. Mimi nikajibu kwa upole wa mtu msomi, "Mjomba, kwani kiwanja ni cha nani?"

"Nimeiuliza karatasi," akasema mzee. "Sijakuuliza wewe."

Watu wakacheka, mwanangu. Wote. Walidhani mzee haelewi mambo ya maandishi, kumbe pale uani yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameisoma ile karatasi. Kuuliza si ujinga, lakini anayeuliza swali zuri mbele ya watu wenye haraka huonekana mjinga. Skolastika akamgusa bega. "Mjomba, acha. Leonsi anajua kuandika." Akaweka sahihi.

Leonsi anajua kuandika. Nimelala na maneno hayo zaidi ya nusu ya maisha yangu.

Tuliishi vizuri, nisikudanganye. Tulipata watoto watatu. Yeye alishona sare za shule na magauni ya kipaimara, mimi niliendelea na ghala. Mbele ya ile nyumba tulijenga fremu mbili za maduka, za matofali ya kuchoma. Matofali yalitokana na cherehani yake, mawe ya msingi niliyabeba mimi kwa mkokoteni. Kisha Gaudensi akaja na habari ya gari la mizigo linalouzwa, la kupeleka mahindi Wampembe ziwani na kurudi na dagaa na migebuka. Alichohitaji ni mbia. Mimi sikuwa na kitu cha kuuza ila kile ambacho hakikuwa changu.

Skolastika akakataa. Nikamshinikiza mwaka mzima. Tukaacha kula pamoja, tukaacha kusali pamoja, mwisho tukafika kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Pale alifungua kitabu chake cha sala akatoa karatasi yangu, imehifadhiwa kama picha ya mtakatifu, haina hata kunyanzi. Akaiweka mezani. Aliamini imemaliza mambo.

Mimi nikasema, "Isomeni vizuri."

Usuluhishi ulishindikana, tukaenda mahakamani. Hakimu aliitazama karatasi ile pande zote mbili, kisha akanitazama.

"Imeandikwa na nani?"

"Na mimi, mheshimiwa."

"Ulipoandika chake, ulimaanisha nani?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu, mwanangu. Mungu alinipa mara ya pili sentensi ileile, safari hii niimalizie kwa mdomo. Gaudensi alikuwa amekaa nyuma yangu, nilisikia anavyopumua. Nikasema, "Nilimaanisha mimi."

Skolastika hakulia. Alinitazama kama fundi anayetazama nguo aliyoishona mwenyewe, ndio kwanza anaona mahali ilipokatwa upande. Akasema taratibu, wala hakumwambia hakimu, "Mjomba aliisikia. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

Simlaumu hakimu. Hakimu hula alichopikiwa. Alisema karatasi hiyo haimsaidii mtu: imeandikwa na upande mmoja, siku mbili kabla ya harusi, mashahidi wote ni wa upande uleule, na neno lenyewe halimtaji mtu. Mzee Apolinari tulikuwa tumekwisha kumzika, wale majirani wawili walishahama. Ikabaki kauli ya Skolastika na kauli yangu, na zile fremu ambazo kweli tulizijenga wote. Tukatenganishwa, kiwanja kikauzwa, kila mtu akapata nusu. Nusu ya kitu kizima cha mwenzangu nikaiita haki yangu.

Lile gari lilidumu misimu miwili ya mvua. Skolastika alibeba cherehani yake akaenda kuishi na mdogo wake Wampembe. Mimi nikarudi Mpui, kwenye kigoda kilekile. Watu wa mikoa mingine hututania kwamba Sumbawanga ni kwa wachawi, eti ukija usicheze na mzee mwenye macho mekundu. Nimeishi hapa miaka sabini na ushee, na uchawi pekee niliouona kwa macho yangu ni kalamu ya mtu msomi.

Sasa sikia lililotokea mwaka huu, maana ndilo lililonifanya niandike haya.

Mjukuu wangu Oliva ni muuguzi. Kwa jasho lake amenunua shamba la ekari tatu hapa Mpui na maksai wawili na plau. Alipata mchumba, kijana mpole anayeitwa Baraka, fundi wa pikipiki Mazwi. Oliva akaja kunisalimia. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mchumba. Nasikia umenitafutia mwenzangu."

"Nimekupa likizo tu, babu," akasema. Kisha akaketi karibu yangu. "Babu, tunataka kuandikiana. Wakubwa wa upande wa Baraka wamekasirika."

Miezi mitatu kabla ya harusi tukakaa kikao, pande zote mbili, sebuleni kwa binti yangu. Skolastika alikuja kutoka Wampembe. Aliingia, watu wakamwamkia, nami nikasimama kumpisha kiti. Alikaa kingine.

Baba mdogo wa Baraka, mtu mwenye sauti na tumbo, ndiye aliyeanza. "Wazee wenzangu, sisi tumekuja kuoa, hatujaja kununua nyumba. Binti anapanga talaka hata gauni hajapima. Huyu ameshaona mlango wa kutokea kabla ya kuingia."

Baraka akainua mkono kama yuko darasani. "Baba mdogo, samahani. Mimi ndiye niliyeanza kuitaka karatasi."

"Wewe?"

"Mimi nina mtoto, baba mdogo, unajua. Kile kibanja cha gereji nataka kibaki cha mwanangu. Nilimwambia Oliva akasema poa, basi na yeye aseme la kwake."

Baba mdogo akanigeukia mimi. "Mzee mwenzangu, na wewe unakaa kimya? Hii si mila yetu."

Nikamjibu. "Mila yetu ni kusuka kihenge cha mahindi kabla ya mavuno. Je, anayesuka kihenge anaomba njaa? Ng'ombe wa mahari mliwataja mmoja mmoja, rangi na pembe, mbele ya mashahidi. Padri atawatangaza hawa Jumapili tatu, kisha watatia sahihi cheti. Jirani yangu muuza vipuri ni Mwislamu, kwao mahari hutajwa na kuandikwa, na mkewe bado anamwekea chai. Ni mapenzi gani hayo yanayoogopa wino?"

"Tusikie basi hiyo karatasi," akasema, bado amenuna.

Walikuwa wameandika wenyewe kwanza yale waliyokubaliana, ili baadaye kila mmoja ayapeleke kwa wakili wake. Oliva akasoma. Alisoma vizuri, kama bibi yake. Akafika mahali: "Oliva na Baraka wamekubaliana kwamba shamba la Mpui ni lake na litabaki kuwa lake."

Skolastika alikuwa ameinama, anafuma kitambaa. Sindano ikasimama.

"Lake nani?" akauliza.

Baba mdogo akacheka, akatazama watu ili wacheke naye. "Bibi naye. Kwani shamba ni la nani?"

Nilisikia miaka arobaini ikinirudia kwa sauti ya mtu mwingine. Nikasimama. Magoti yalilia, sikuyajali.

"Ameiuliza karatasi," nikasema. "Hajakuuliza wewe."

Nami nikawaeleza yote, mwanangu, kama nilivyokueleza wewe: kigoda, daftari, tabasamu, mahakama. Wanangu hawakuwahi kusikia kwamba nilifanya kwa makusudi. Walidhani lilikuwa kosa la kalamu. Binti yangu alitoka nje akakaa huko kitambo. Gaudensi, ambaye siku hizi anatembelea fimbo, aliniambia kwa sauti ya chini, "Umetuvua nguo mbele ya wakwe." Nikamwambia, "Tulikwisha kuvuliwa, kaka. Leo nimeonyesha tu." Na mwisho baba mdogo wa Baraka ndiye aliyekuja kuwa shahidi wa upande wao.

Oliva akafuta lake, akaandika jina lake lote, la kwake, la baba na la babu. Baraka akafanya vivyo hivyo kwa kibanja cha gereji.

Sasa nasaha yangu ni hii, nami si mwanasheria. Haya niliyaokota nikiwasindikiza wajukuu kwa mawakili. Sheria ya nchi yetu haisemi kwamba mali uliyoingia nayo inageuka ya mwenzako kwa sababu tu mmeoana, na inawaruhusu kukubaliana vinginevyo. Lakini mkijenga wote juu ya kiwanja cha mmoja, mambo hubadilika, kama fremu zangu zilivyobadilisha. Kwa hiyo andikeni hata hilo: tukijenga pale, itakuwaje. Andikeni mapema, miezi kabla, si gauni likiwa ukutani na pombe imeiva, maana sahihi ya mtu asiyeweza kukataa si sahihi. Kila mmoja aseme kila alichonacho, hata kile anachokionea haya. Ukificha ng'ombe mmoja umeua karatasi nzima. Kila mmoja awe na wakili wake, asiwe yuleyule, na kama uwezo ni mdogo watafuteni wasaidizi wa kisheria, wapo. Taja watu kwa majina kamili na shamba kwa mipaka yake. Mashahidi watoke pande zote mbili. Tieni sahihi kila ukurasa mbele ya wakili, apige muhuri, kila mtu abaki na nakala yake. Wala usidhani karatasi inaweza kumnyima mtoto chakula, au kuuza nyumba mnayoishi bila mwenzako kuridhia. Mahakama haifumbwi macho na wino, na mkataba wa dhuluma huanguka kama ule niliouandika mimi. Akija mtoto au mali mpya, kaeni tena muitazame. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: daftari lenye hila hupoteza mali na mwenye mali. Na akiwepo mzee anayeuliza swali mnaloliona la kijinga, simamisheni harusi mumjibu.

Siku ya kutia sahihi, Oliva alitaka mimi na bibi yake tuwe mashahidi wa upande wake. Nilikataa. Nikasema mkono wangu si mkono wa kuweka kwenye karatasi ya ndoa. Skolastika alikwisha kuandika jina lake. Akanisogezea kalamu bila kunitazama.

"Andika," akasema. "Jina lako lote."

Nikaandika yote matatu, polepole, herufi moja moja, mpaka asiwepo duniani mtu wa kuuliza ni nani.

Mwanangu unayesoma, nenda kaoe, nenda kaolewe, usiogope. Mungu akupe mwenzi ambaye hutaona haya kumwandikia ukweli. Akunyime akili ya kuacha mlango wa nyuma. Akuwekee jirani mzee mmoja mwenye masikio kama ya Apolinari, na akupe wewe ujasiri wa kutomcheka. Kihenge chako kijae, na kila kilichomo kijulikane ni cha nani.